Kulasi ya motere ya kusagia: tuipanue, tuibadilishe, ao tuitunze tu?



Mara nyingi tunazungumza nanyi juu ya mbegu, mbolea na namna ya kulinda mahindi katika gala. Leo tunaingia pahali ambapo sisi ma-agronome hatuingii sana: ndani ya motere ya mashine ya kusaga. Juu ya nini? Juu gunia la mahindi si bukari bado. Umeme wa SNEL haufiki katika vijiji vingi vya Haut-Katanga, na mashine nyingi za koperative zinazungushwa na motere ya mazutu. Zambia ikizuia mahindi yasipite Kasumbalesa, bei ya unga inapanda Lubumbashi, na watu wanatafuta unga wa kwetu. Siku hiyo motere ikilala, hasara ni ya koperative nzima.

Tunataka kujibu ulizo moja linalorudi kila mwaka kisha mavuno: motere imepoteza nguvu, fundi anasema kulasi ndiyo mbaya. Je, apanue njia za hewa ndani yake, ao tununue kulasi nyingine iliyo bora?

KOSA LETU

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana lilitufundisha. Katika koperative moja ya upande wa barabara ya Kasenga, motere ilianza kuchoka mwezi wa tano, mahindi yakiwa yamejaa gala. Fundi alikuja, akaondoa kulasi, akasema: "Bamama, hii kulasi iko nafinya motere. Tupanue matundu yake, mutaona vile itakimbia." Sisi tulikuwa pale. Tulinyamaza, tukijiambia kwamba vyuma si kazi yetu. Feza zikatoka katika sanduku la bamama, zile walizokuwa wanaweka kwa ajili ya mbegu za msimu.

Fundi alifanya kazi siku mbili kwa kijiwe cha umeme. Motere ikawashwa, ikalia kwa sauti kubwa kuliko zamani, watu wakapiga makofi. Nguvu haikuongezeka. Kisha siku chache maji ya kupozea yakaanza kupungua bila kumwagika inje. Asubuhi moja mwendeshaji akazungusha manivela kwa nguvu, ikakwama: maji yalikuwa yameingia juu ya pistoni. Aliomba msaada wa vijana wawili, wakalazimisha, mkono wa pistoni ukapinda. Kijiwe kilikuwa kimekula chuma mpaka ukuta wa njia ya hewa ukabaki mwembamba kama ganda la yai, na ukatoboka upande wa maji.

Muda wote uliobaki wa mavuno bamama walibeba mabeseni kichwani mpaka kijiji kingine. Mmoja wao alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Tulilipa feza juu ya kuharibu." Alikuwa na haki. Tangu pale tulianza kujifunza na mafundi wazuri, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KULASI INAFANYA KAZI GANI?

Kulasi ni kichwa cha silinda, kile chuma kizito kinachofunika silinda kwa juu. Ndani yake kuko njia mbili: moja inaingiza hewa safi, nyingine inatoa moshi. Kila njia ina mlango wake, ndiyo supapu. Supapu inakaa juu ya kiti chake, na ikifunga inapaswa kufunga kabisa, hewa isipite hata kidogo. Kandokando ya njia hizo maji yanazunguka kupoza chuma. Enjektere, kile kipua kinachorusha mazutu, nayo imefungwa katika kulasi.

Kupanua kulasi ni kusaga kuta za njia hizo ili ziwe pana na laini, hewa nyingi ipite. Kubadilisha ni kuiacha kulasi ya zamani na kufunga nyingine iliyotoka kiwandani vile ilivyo.

KUPANUA KULITOKA WAPI?

Kupanua si uongo. Ni kazi ya kweli katika motere za petroli za mashindano ya magari. Motere hizo zinazunguka mara 7,000 kwa dakika na zaidi. Kwa mwendo huo hewa inakosa nafasi ya kupita, na njia pana inasaidia. Anayeifanya ana mashine ya kupima hewa inayopita, na anajua ukuta una unene gani kabla ya kuugusa.

Lakini hata kule wengi waliacha. Huko Marekani kuko motere maarufu ya Chevrolet ya silinda nane, iliyoanza mwaka 1955. Wenye motere za zamani walizoea kulipa mafundi wapanue kulasi zao. Mwaka 1996 kiwanda kilitoa, kwa magari ya mizigo, kulasi mpya ya chuma cha kawaida iliyoitwa Vortec, ambayo njia zake zilichorwa vizuri zaidi. Watu wengi wakaona ni afadhali kununua kulasi hiyo, hata iliyotumika, kuliko kulipa siku nyingi za kusaga ile ya zamani. Lakini kuko fundisho la pili: kulasi hiyo inafungwa na bomba la kuingizia hewa lenye bolti 8, na la zamani lilikuwa na bolti 12. Aliyenunua kulasi peke yake alirudi dukani kununua na bomba. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

KWA NINI KUPANUA HAKUSAIDII MOTERE YETU

Motere nyingi za mashine zetu zinatoka China, za silinda moja, kama S195 na S1100. Namba hizo zinasomeka: 1 ni silinda moja, 95 ao 100 ni upana wa silinda kwa milimita. S195 inatoa nguvu ya farasi karibu 12 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwa motere ya namna hii kuko sababu nne.

Kwanza, mwendo ni wa polepole. S195 inavuta hewa karibu lita 800 kwa dakika. Njia zilizotoka kiwandani zinatosha kupitisha hewa hiyo.

Pili, kuko regulatere, kile kifaa kinachoshika mwendo na kupima mazutu. Nguvu ya motere ya mazutu inatokana na mazutu inayorushwa. Mukiongeza hewa peke yake, mazutu inabaki ileile, na nguvu inabaki ileile. Fundi akifungua pampu ili irushe mazutu nyingi kupita kipimo, mutapata moshi mweusi, joto, na sanduku tupu.

Tatu, katika kulasi za motere zinazorusha mazutu moja kwa moja juu ya pistoni, njia ya hewa imepindwa makusudi. Inaizungusha hewa kama maji yanayoingia katika shimo, ili ichanganyike vizuri na mazutu. Fundi anaona kona ile, anadhani ni kosa la kiwanda, anainyoosha. Hewa inaacha kuzunguka, mazutu haiungui yote, na asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba motere inakataa kuwaka.

Nne, ni ule ukuta mwembamba tuliosema. Upande wa pili kuko maji.

Tena kuko jambo la inchi yetu. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi: uzito wake ni karibu sehemu 87 kwa 100 za hewa ya pwani. Kwa hiyo motere iliyoandikwa farasi 12 inatoa huku karibu farasi 10 na nusu, hata ikiwa mpya. Hakuna kijiwe kinachoweza kurudisha hewa ambayo haiko angani. Mukinunua motere, muichague kubwa kidogo tangu mwanzo.

KABLA YA KUFUNGUA KULASI

Mwaka uliofuata koperative nyingine ilituita. Lilikuwa lalamiko lilelile: "Mazutu inaisha mbio, na unga hautoke." Safari hii hatukunyamaza. Tulimwomba fundi tufanye pamoja hatua hizi, moja baada ya moja, bila kurukia kulasi.

1. Kichujio cha hewa. Ndani ya nyumba ya kusagia unga unaruka saa zote. Tulipofungua kichujio, mafuta yake yalikuwa yamegeuka kuwa tope. Motere ilikuwa inapumua kwa shida, kama mtu aliyefunikwa pua. Kioshwe na kuwekwa mafuta safi kila juma wakati wa mavuno, na bomba la kuvutia hewa lielekezwe mbali na unga.

2. Mashine yenyewe. Mara nyingi motere iko nzima, anayekula nguvu ni mashine. Nyundo zilizolika hazivunji mahindi, zinayapondaponda tu. Chekeche iliyoziba inazuia unga kutoka. Mahindi yasiyokauka vizuri yanafanya vilevile. Na mikanda iliyolegea inateleza, inanuka, inapoteza nguvu njiani. Geuzeni nyundo upande ambao haujalika, zote kwa pamoja ili zisipoteze usawa.

3. Nafasi ya supapu. Kati ya supapu na mkono unaoisukuma panatakiwa nafasi ndogo. Kwa S195 ikiwa baridi ni milimita 0.35 upande wa hewa na 0.45 upande wa moshi. Motere nyingine ina vipimo vyake, viko katika kitabu chake. Nafasi ikikosekana, supapu haifungi yote, nguvu inatoroka, na supapu inaungua. Tulikuta upande wa moshi hauna nafasi hata kidogo.

4. Enjektere. Ipelekwe kwa fundi mwenye pampu ya kuipima. Ikidondosha matone pahali pa kurusha ukungu, ndiyo inayoleta moshi mweusi na kumaliza mazutu.

5. Maji. Katika motere yenye beseni la maji wazi juu yake, maji kuchemka wakati wa kazi si ugonjwa. Ndivyo ilivyoundwa, muongeze tu. Lakini mukiiwasha ingali baridi na mara moja mapovu yanapanda katika maji, hapo hewa ya silinda inapita gasketi ao ufa wa kulasi.

Kisha hatua hizi tano, motere ile ilipata nafuu kubwa, na bamama walisaga siku hiyohiyo. Lakini asubuhi ilikuwa ingali inazungushwa kwa taabu, bila kugonga vizuri. Hapo ndipo tulipokubali kufungua kulasi.

KULASI IKIWA MEZANI

Muangalie fundi akifanya majaribio haya mbele yenu.

Safisha kulasi, uigeuze, uhakikishe supapu zimefunga. Mwaga mafuta ya taa katika njia ya hewa na katika njia ya moshi, ungoje dakika chache. Yakivuja kupita supapu, hazifungi. Kama kiti kingali kizuri, fundi atasugua supapu na kiti chake kwa unga wa kusugulia mpaka pawe na mstari mmoja wa kijivu unaozunguka pote. Hii ni kazi ya saa chache na bei ndogo, na ndiyo dawa ya kulasi nyingi zinazoitwa mbaya.

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa kulasi, upitishe kipimo chembamba chini yake. Kama kipimo cha milimita 0.1 kinapita, kulasi imepinda, na gasketi mpya peke yake haitadumu. Inaweza kunyooshwa katika karakana yenye mashine ya kazi hiyo, lakini kidogo tu. Katika motere ya mazutu, ukikata sana, supapu inaikaribia pistoni, na siku moja zitagongana.

Angalia sehemu nyembamba kati ya viti viwili vya supapu. Ufa unaanzia hapo mara nyingi. Na sababu yake kubwa tunaijua wote: maji yamekauka, motere iko moto sana, mtu anamimina ndoo ya maji baridi. Chuma kinapasuka kama chungu. Motere ikikauka maji, izimwe, ingojewe ipoe, kisha maji yaingizwe polepole.

Kulasi yenye ufa, ao iliyokwisha kunyooshwa mpaka kipimo chake cha mwisho, ao ambayo viti vyake vimezama ndani sana, haifai kuhangaikiwa. Ile ya koperative hiyo ilikuwa ya namna ya tatu: kiti cha moshi kilikuwa kimezama mpaka supapu inaonekana kama iko katika shimo. Hapo tuliamua kubadilisha.

KUCHAGUA KULASI YA KUBADILISHIA

"Bora" si kulasi yenye njia pana. Kwa mashine ya kusaga, bora ni ile yenye chuma kisicho na vitundu, viti vigumu vilivyoingizwa vizuri, supapu zinazofunga, na iliyotengenezwa kwa motere ileile.

Pelekeni kulasi ya zamani dukani. Musiende na jina tu. Sisi tulienda Lubumbashi na ile ya zamani ndani ya gunia, na ilituokoa. Muuzaji alitoa kulasi mpya, akasema ni ileile. Tulipoziweka pamoja, bolti zilifanana, lakini ya zamani ilikuwa na kichumba kidogo cha kuunguzia mazutu, na mpya haikuwa nacho. Ilikuwa ya motere inayorusha mazutu moja kwa moja juu ya pistoni. Kulasi ya namna hiyo inataka pistoni yake na enjektere yake. Ni sawa na ile habari ya bolti 8 na bolti 12. Motere hizo zinakula mazutu kidogo kuliko zile za kichumba na zinawaka kwa urahisi, ni kweli. Lakini ukitaka faida hiyo, ngoja motere ya zamani izeeke, ununue motere nzima.

Kwa hiyo muweke mbili hizo kando kwa kando na mulinganishe: matundu ya bolti, matundu ya maji, kichumba, kina cha enjektere, upana wa supapu. Wekeni gasketi mpya juu yake, matundu yote yaonane. Jaribuni mafuta ya taa hata kwa kulasi mpya, hapohapo dukani. Ikiwa imetumika, ulizeni juu ya ufa na mupitishe rula. Muombe karatasi ya malipo inayosema mutairudisha kama haifai.

Wakati wa kufunga, gasketi iwe mpya, na bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, kwa njia ya msalaba, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu. Nafasi ya supapu ipimwe tena kisha kazi ya siku ya kwanza.

HESABU YA SANDUKU

Kabla mkutano haujatoa feza, katibu aandike mistari mitatu kwa kila shauri: bei ya kazi, bei ya vipande vyote (pamoja na gasketi na safari), na siku ambazo mashine itasimama. Mstari wa tatu unasahauliwa sana. Tuseme mashine yenu inasaga mifuko 15 kwa siku. Ikisimama siku sita, ni mifuko 90 ambayo haikulipiwa. Kusugua supapu kunaweza kuisha siku moja. Kubadilisha kulasi ni safari ya Lubumbashi na siku ya kufunga. Kupanua ni siku kadhaa za kijiwe, na mwishoni kulasi ni ileile ya zamani, ila imepungua chuma.

Tena pimeni kazi, musisikilize sauti. Wekeni mazutu lita moja tu, mpima mahindi yaliyosagwa mpaka iishe, muandike katika daftari. Fanyeni hivyo kabla na kisha matengenezo. Fundi mzuri hatakataa kipimo hicho. Motere inayolia sana si lazima ina nguvu sana.

KWA KIFUPI

Motere ikichoka, anzeni na kichujio, mashine na mikanda, nafasi ya supapu, enjektere na maji. Kulasi ikifunguliwa, jaribuni mafuta ya taa na rula kabla ya kuihukumu. Inayoweza kusuguliwa isuguliwe. Iliyokufa ibadilishwe kwa nyingine ya motere ileile. Kupanua tuwaachie watu wa mashindano.

MAULIZO YA MKUTANO

1. Ni nani katika koperative yetu anayeosha kichujio cha hewa, na siku gani?
2. Daftari la motere liko wapi? Mara ya mwisho nafasi ya supapu ilipimwa lini?
3. Lita moja ya mazutu inasaga mahindi kiasi gani leo?
4. Nani ana haki ya kumwambia fundi "ngoja kwanza"?

Ulizo hilo la mwisho lijibiweni vizuri. Siku ile upande wa barabara ya Kasenga, watu wengi tulikuwa na mashaka, na hakuna aliyefungua kinywa. Chagueni mtu mmoja, mama ao tata, na mumpe neno hilo mbele ya wote.

Tunawatakia usagaji mwema.